Fahamu: Ramli chonganishi, ukweli na dhana

Ramli chonganishi, yaani uaguzi unaomtaja ndugu au jirani kuwa chanzo cha ugonjwa au kifo, ilipigwa marufuku na Serikali ya Tanzania Januari 2015, baada ya mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwamo. Tuchukue mfano wa kikongwe wa Samuye, Shinyanga, anayeshukiwa uchawi kwa sababu ya macho yake. Kwamba ana macho mekundu ni ukweli, kwa kuwa yeyote aweza kuyatazama, na moshi wa jikoni wa miaka mingi hutosha kuyaeleza. Kwamba ni mchawi ni dhana tupu, ambayo mpiga ramli huitia nguvu kwa ushawishi, yaani kuigusa hofu ya mfiwa mwenye uchungu wa haki kabisa, mara nyingi baada ya kumdodosa kuhusu ugomvi wa mashamba na mirathi.