Marumaru, Kigae na Kauri: Istilahi za Nakshi za Jikoni na Bafuni

Fundi wa Nyamisangura, mjini Tarime, akiambiwa aweke marumaru bafuni hatauliza jiwe litachimbwa wapi. Ataagiza maboksi ya vipande bapa vya udongo uliochomwa na kupakwa mng'aro. Jirani aliyezoea kununua bidhaa ng'ambo ya mpaka wa Sirari huenda akaviita vigae, na kijana wake akaviita tailizi. Katika mazungumzo hapana anayepata hasara. Lakini majina hayo yanapoingia katika hati ya zabuni ya zahanati au bweni la shule, mzabuni mmoja aweza kukadiria bei ya jiwe na mwenziwe bei ya udongo, na kamati ikabaki kulinganisha vitu visivyolingana.

Neno marumaru limetufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni jiwe: mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhi. Jiwe hilo huliwa na asidi, hata ya ndimu au siki, ndiyo maana meza ya jikoni ya marumaru hupoteza mng'aro upesi. Matale, ambayo wafanyabiashara huyaita granaiti, hayana udhaifu huo. Mfasiri anayeyaita yote mawili marumaru humnyima mnunuzi habari aliyoihitaji.

Mtindo wa siku hizi umezidisha utata. Mitambo huchapa juu ya udongo michirizi ya marumaru, mishipa ya mbao, hata madoa ya matale, na tangu 2017 viwanda vikubwa vya Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, vimesogeza bidhaa hizo karibu na mnunuzi wa kawaida. Jina limefuata sura. Hatusemi kwamba umma umekosea. Lugha hupanua maana za maneno kila siku. Hata hivyo, hati ya serikali yahitaji neno moja kwa dhana moja.

Tunapendekeza kigae. Tunajua litapingwa, kwani wengi hukumbuka kwanza kipande cha chungu kilichovunjika, na mwenye nyumba mpya hapendi kuambiwa kwamba ametandaza vigae sebuleni. Lakini neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa vigae vya kuezekea, navyo pia ni udongo uliochomwa.

Vigae navyo si vya namna moja. Kigae cha udongo cha ukutani kwa kawaida hufyonza maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kile kigumu, kilichochomwa kwa joto kali zaidi, hakizidi asilimia 0.5. Hiki cha pili twakiita kigae cha kauri. Kauri ni simbi, na pia ni vyombo vya China vinavyong'aa kama simbi. Jina walilopewa na Wazungu vyombo hivyo nalo latokana na neno la Kiitaliano la simbi. Aliyeona bakuli za China zilizopachikwa katika makaburi ya kale ya Kunduchi atakubali kwamba kunakshi kuta kwa kauri si jambo geni kwetu. Tofauti hiyo isiachwe katika hati: kigae laini cha ukutani kikitandazwa sakafuni mwa bafu la shule, watoto watateleza, nacho hakitadumu. Kwa hiyo iandikwe pia kigae cha sakafu au kigae cha ukuta.

Terazo, yaani vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji kisha kusuguliwa, haina utata, ibaki ilivyo. Fomaika ni shauri jingine. Ni karatasi zilizoloweshwa utomvu na kushindiliwa kwa joto, zilizobuniwa Marekani mwaka 1912, na jina lake ni la kampuni. Hati isiyotaka kumpendelea muuzaji mmoja haifai kulitumia. Kwa sasa twaandika bamba la karatasi gumu, ingawa ni refu. Walimu wa ufundi wenye jina fupi zaidi litumikalo karakanani watuandikie, ili lifikishwe pamoja na pendekezo hili mbele ya kamati ya usanifishaji.