Upimaji wa nafasi za vali

Upimaji wa nafasi za vali ni kazi ya kuhakikisha, kabla ya injini kuwashwa, kwamba vali zinapofunguka hazitagonga pistoni wala bloku. Ni muhimu hasa kwa magari ya zamani yanayofungwa vipuri visivyotoka kwa mtengenezaji wa awali. Nafasi hizi ni tofauti na ile iliyo kati ya roka na vali, ambayo fundi huirekebisha katika matengenezo ya kawaida.

Sababu za kupima

Mtengenezaji huchagua kamshafti, roka, vali, pistoni na gasketi ya silinda hedi ili vifanye kazi pamoja. Kipuri kipya kinaweza kukaa vizuri kwenye boliti zake na bado kikaharibu mpangilio huo. Kwa mfano, nundu ya kamshafti ikiinua mm 6, roka zenye uwiano wa 1.25 hufungua vali mm 7.5, lakini zenye uwiano wa 1.5 huifungua mm 9. Kuchonga uso wa silinda hedi ili kuongeza mgandamizo nako husogeza vali karibu na pistoni. Mabadiliko madogo hujumlishwa.

Vali ikigonga pistoni hupinda au kukatika, na vipande vyake huweza kutoboa pistoni na kuharibu silinda.

Mfano wa injini ya A-series

Injini ya A-series ya Uingereza ilianza na gari la Austin A30 mwaka 1951, na baadaye ikatumika katika Mini kuanzia 1959 hadi 2000. Silinda ya injini ya cc 998 ina kipenyo cha mm 64.6, na ya cc 1275 mm 70.6. Wamiliki wengi hufunga silinda hedi ya cc 1275 juu ya bloku ya cc 998 ili wapate vali kubwa. Boliti zinalingana, lakini vali ya kutoa moshi hupita ukingo wa silinda na inaweza kugonga bloku. Kwa hiyo bloku huchongwa vishimo, au mwinuo wa vali hupunguzwa. Vishimo visifike mahali ringi ya juu ya pistoni inapofikia, la sivyo gesi huvuja.

Namna ya kupima

1. Udongo laini wa kufinyangia huwekwa juu ya pistoni na kupakwa mafuta kidogo usinate.
2. Silinda hedi hufungwa pamoja na gasketi, na roka hurekebishwa.
3. Krankshafti huzungushwa polepole kwa spana mizunguko miwili kamili, kwa kuwa kamshafti huzunguka mara moja tu katika mizunguko hiyo. Ikikwama, isilazimishwe.
4. Silinda hedi hufunguliwa, udongo hukatwa kwa wembe, na sehemu nyembamba zaidi hupimwa.

Mafundi wengi hutaka angalau mm 2 kwa vali ya kuingiza na mm 2.5 kwa vali ya kutoa moshi. Hii ya pili huhitaji zaidi kwa sababu hurefuka kwa joto, na pistoni huifuata kwa nyuma inapofunga. Maelekezo ya mtengenezaji wa kipuri yakitofautiana na vipimo hivi, ndiyo ya kufuatwa.

Nafasi isipotosha, pistoni huchongwa vishimo, hutumika gasketi nene zaidi, au huchaguliwa kamshafti yenye mwinuo mdogo.