Bastola ya ishara ya babu: fataki zake zipatikane wapi?

Tuseme babu yako alikuwa vitani Ulaya, au baharia, na kwenye sanduku lake mmekuta bastola nene yenye mtutu mfupi, mpana kama bomba la maji. Pembeni kuna fataki tatu au nne zimefungwa kwenye karatasi. Bila shaka unataka kujua: bado zinawaka? Mimi ningeanza kwingine: kipenyo chake ni kipi?

Mfumo huu ulibuniwa na Edward Very, afisa wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1877. Baada yake kila jeshi lilichukua kipimo chake. Waingereza walikuwa na bastola za inchi moja, yaani milimita 25.4. Wajerumani walitumia kiasi cha milimita 26.5, ambayo wauzaji wengine huiita 27. Tofauti ni kama milimita moja tu, sivyo? Lakini ganda likilegea ndani ya mtutu, gesi ya moto hupenya pembeni na ganda linaweza kupasuka karibu na mkono wako. Kwa hiyo usinunue kwa jina. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni apime mtutu na sehemu anapokaa ukingo wa ganda. Kaliba ya 26.5 bado inatengenezwa Ulaya. Ya inchi moja ni kazi kuipata.

Kwenye maduka ya vifaa vya boti utaona fataki za kaliba 12, zenye upana wa kama milimita 18.5, na kuna watu wanauza mirija ya chuma ya kuzitosheleza kwenye bastola kubwa. Binafsi siipendi kabisa hiyo mirija. Tatizo ni kwamba risasi ya kawaida ya bunduki ya kaliba 12 nayo inaingia humo humo, na shinikizo lake linaweza kuzidi mara 300 lile la tairi la gari. Bastola ya ishara haikuundwa kwa mzigo huo.

Sasa turudi kwenye zile fataki za babu. Mwanga wake hutokana na unga wa magnesiamu unaoungua kwa msaada wa kemikali inayotoa oksijeni. Rangi huletwa na metali nyingine: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, sodiamu njano. Magnesiamu ndiyo yenye kasoro. Unyevu ukipenya, hata kidogo kidogo kwa miaka mingi, magnesiamu huungana na maji na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Ganda huvimba, mchanganyiko huganda na kupasuka nyufa. Kipande chenye nyufa kina uso mkubwa zaidi wa kuungua, kwa hiyo badala ya kuwaka taratibu kinaweza kulipuka. Au kisiwake kabisa, ukafungua bastola kuangalia, kikawaka wakati huo huo. Ndiyo maana fataki za boti huwa na tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka mitatu au minne. Za babu zina miaka themanini.

Usizijaribu, usizifungue, usizitupe na taka. Ziache zilipo, piga simu polisi, waeleze ni baruti za zamani. Na uliza kuhusu bastola yenyewe: Uingereza, kwa mfano, inahitaji cheti cha silaha.

Kama lengo lako ni usalama baharini, acha bastola nyumbani. Roketi ya kisasa ya mwavuli hurushwa kwa mkono kutoka kwenye mrija wake. Kanuni za kimataifa zinaitaka ifike angalau mita 300 na iwake angalau sekunde 40.

Na kama bado unataka kuirusha, na kaliba imepatikana, angalia metali. Bastola za Walther za Wajerumani zilitengenezwa pia kwa aloi ya alumini, lakini vita vilipoendelea nyingine zilitengenezwa kwa zinki. Zinki yenye uchafu wa risasi (madini, si ya bunduki!) huliwa kutoka ndani na kupasuka bila kuonyesha dalili mapema. Sumaku haitakusaidia, maana haishiki yoyote kati ya hizo mbili. Uzito ndio utakusaidia: kwa ujazo ule ule, zinki ni nzito zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini. Ikiwa ya zinki, itundike ukutani.