Barabara Hupimwa kwa Saa: Lami Mpya na Rufaa ya Mgonjwa Ngara na Biharamulo

Lusahunga, wilayani Biharamulo, ni mahali ambapo wasafiri wengi wamepaona kupitia dirisha la basi tu. Ni njia panda. Barabara moja huelekea kaskazini hadi Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba. Nyingine huenda magharibi kupitia Nyakahura na Benaco hadi mpaka wa Rwanda pale Rusumo, ikiwa na tawi linaloteremka Kabanga kwenye mpaka wa Burundi. Ya tatu hurudi kusini kupitia Nyakanazi, ikapita Kahama na mwishowe kufika Dar es Salaam. Usiku na mchana hupita hapo malori ya makontena na ya mafuta, mabasi, na bodaboda zilizobeba mahindi, ndizi na watu. Mchumi akiitazama njia panda hii huona Ukanda wa Kati wa biashara, lakini muuguzi wa zahanati iliyo ndani, mbali na lami, huona mahali ambapo safari ya mgonjwa wake hubadilika mwendo ghafla.

Mpango wa taifa wa kupanua barabara kuu umebadili sana sura ya eneo hili. Mwaka 2017 ilifunguliwa rasmi barabara ya lami ya Kagoma–Biharamulo–Lusahunga yenye urefu wa kilomita 154. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, ambacho lami yake ya zamani ilikuwa imechoka kwa uzito wa malori, kiliingizwa katika mradi wa uchukuzi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022. Kabla ya hapo, mwezi Aprili 2016, marais wa Tanzania na Rwanda walikuwa wamezindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani Rusumo. Kisha tarehe 19 Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza, lenye urefu wa kilomita tatu. Daraja hilo liko mbali na Kagera, lakini linawahusu wagonjwa wa Kagera moja kwa moja. Gari la wagonjwa lililotoka Biharamulo kwenda Hospitali ya Bugando kupitia Geita na Sengerema lilikuwa likifika Busisi na kusubiri kivuko kama magari mengine. Mgonjwa mwenye damu kichwani au mtoto anayepumua kwa shida alisubiri pamoja na dereva. Sasa maji yale huvukwa kwa dakika chache.

Hayo ni mafanikio ya kweli, na hakuna haja ya kuyapunguza. Hata hivyo, tiba ina hesabu yake, na hesabu hiyo haikubali kilomita kuwa kipimo.

Wataalamu wa afya ya uzazi waliwahi kukadiria muda wa wastani ambao mwanamke asiyepata matibabu huwa nao, tangu tatizo linapoanza hadi kifo. Mfuko wa uzazi ukipasuka, ni takriban siku moja. Kifafa cha mimba, siku mbili. Uchungu pingamizi, siku tatu. Maambukizi baada ya kujifungua, siku sita. Kutokwa damu kabla ya kujifungua, saa kumi na mbili. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, saa mbili tu. Anayepanga rufaa Ngara au Biharamulo angefaa kuyabandika makadirio haya ukutani kando ya ramani ya barabara, kisha ajiulize ni yupi kati ya wagonjwa hao ambaye lami inaweza kumwokoa.

Mwenye uchungu pingamizi anaweza kuokolewa nayo. Siku tatu ni muda wa kutosha kufika hospitali ya wilaya, hata Bukoba au Mwanza, ingawa mtoto hawezi kungoja hivyo na kila saa ya ziada huongeza hatari ya fistula. Barabara nzuri humsaidia pia mwenye kifafa cha mimba. Lakini mama anayetokwa damu baada ya kujifungua ana muda wa saa mbili, na lazima saa hizo zigawanywe. Chukulia mfano wa mama aliyejifungulia nyumbani katika kitongoji kilicho kilomita kumi na tano nje ya barabara kuu, wakati wa mvua za masika. Nusu saa ya kwanza hupotea kabla ya mtu kukiri kwamba damu hiyo si ya kawaida. Mkwe husema ni uchafu unatoka, utaisha. Nusu saa ya pili hupotea wakimtafuta mume, fedha na pikipiki. Saa nzima iliyobaki huliwa na utelezi, kalavati lililokatika na kilima ambacho abiria hulazimika kushuka na kusukuma. Anapofika kwenye lami, pale ambapo taifa limewekeza mabilioni, muda wake umekwisha. Lami haikuwa na nafasi ya kumsaidia.

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine waliueleza mkasa wa namna hiyo kwa kuutaja kuwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Barabara kuu hupunguza sehemu moja tu ya ucheleweshaji wa pili. Sehemu iliyobaki iko kwenye barabara za wilaya na vijiji, zile ambazo tangu Julai 2017 zimekuwa chini ya TARURA, wakati barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Mgawanyo huo una maana ofisini. Mgonjwa haujui. Kwake ni njia moja, na ubora wa njia ni ubora wa mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo kalavati moja kati ya kijiji na lami, au kivuko imara katika bonde la Ruvubu, mto unaoingia Ngara kutoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na Rusumo, linaweza kuokoa uhai mwingi kuliko kipande kirefu cha lami ambacho tayari kinapitika.

Ucheleweshaji wa kwanza hauondolewi na greda. Unaondolewa na mazungumzo kliniki, mimba ikiwa bado changa. Familia iambiwe bila kuficha: kitenge kikiloa damu kabisa na kuhitaji kubadilishwa mara moja, au mama akianza kuona kizunguzungu, kutoka jasho baridi na kuhema haraka, ni dharura, mwenye kungoja asubuhi anaweza kungoja maiti. Namba 115 haina malipo. Hupokewa na kituo cha mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio Kanda ya Ziwa na kuanza kuenezwa kitaifa mwaka 2022. Mfumo huo hutumia gari la wagonjwa lililo karibu, na lisipokuwepo huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo na si na familia. Jambo hili la malipo lirudiwe mara nyingi, kwa kuwa hofu ya gharama ndiyo huwafanya wazee wakae kikao wakati damu inatiririka. Mjamzito ambaye aliwahi kufanyiwa upasuaji, aliyewahi kutokwa damu nyingi, mwenye mapacha au anayeishi ng'ambo ya mto unaofurika, ni busara ahamie kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki chache kabla ya tarehe yake.

Kwa mhudumu wa zahanati, kanuni ni kwamba matibabu huanza kabla ya gari kufika. Rufaa isiyotanguliwa na matibabu ni usafiri tu. Oksitosini, au misoprostoli pale ambapo hakuna jokofu la kuaminika, kuusugua mfuko wa uzazi, dripu na asidi ya traneksamiki ni mambo yanayowezekana mbali na chumba cha upasuaji. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017, ulioshirikisha wanawake wapatao 20,000, ulionyesha kwamba dawa hiyo ya mwisho ikitolewa ndani ya saa tatu hupunguza vifo vitokanavyo na damu kwa takriban theluthi moja. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara damu ilipozidi. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko huo hauhitaji lami. Vivyo hivyo mwenye kifafa cha mimba apewe dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kabla ya kuondoka, na kituo kinachompokea kipigiwe simu, ili damu ya kuongezwa na chumba cha upasuaji viwe tayari, na mama asije akakaa kwenye benchi la mapokezi baada ya kusafiri kwa kasi yote ile.

Barabara pia huleta wagonjwa wapya. Watu wa Ngara wanalifahamu hilo kuliko wengi. Jina Benaco lenyewe lilitokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Mwishoni mwa Aprili 1994, maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne, na eneo la Benaco likawa kambi kubwa ya wakimbizi kwa siku chache. Njia iliyowafikisha watu wale ndiyo iliyowafikishia pia mahema, dawa, chakula na maji.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu mkoa jirani wa Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Geita, ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 2.5 vijijini, 7.3 katika makazi ya kando ya barabara kuu, na 11.8 mjini. Tarakimu zimebadilika tangu hapo, na dawa zipo. Lakini mpangilio ule unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulala Benaco au Nyakanazi: dereva anayesubiri karatasi zake zipite mpakani, mama ntilie, mhudumu wa gesti, kijana wa kupakia mizigo. Vituo vya afya vilivyo mahali malori yanapolala vingefaa vipime na kutoa dawa jioni, kwa maana asubuhi dereva hayupo. Mwenye VVU anayeishi safarini aandikiwe dawa za miezi kadhaa pale mwongozo unaporuhusu, na asikemewe kwa kuikosa tarehe aliyokuwa Kigali au Bujumbura.

Januari 2025 Biharamulo ilijulikana duniani kwa sababu nyingine. Tarehe 20 mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani humo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha tarehe 13 Machi, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wawili, waliodhaniwa kuugua wanane, na wote kumi walifariki. Virusi hivyo huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili. Basi la kutoka Lusahunga huhitaji sehemu ndogo tu ya muda huo kumfikisha abiria Dar es Salaam, akiwa bado mzima na mwenye hamu ya kula. Kwa hiyo anayempokea mgonjwa wa homa kali Kahama, Singida au Morogoro anapaswa kuuliza swali lisilogharimu chochote: umetoka wapi wiki tatu zilizopita? Na katika zahanati za Biharamulo kwenyewe, glovu, maji na sabuni visiwe vifaa vya kungojea tangazo.

Kisha kuna majeraha. Lami laini huongeza mwendo, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia nne. Kofia ngumu hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa 69, ilhali abiria wengi wa bodaboda za Ngara na Biharamulo hupanda bila kofia, na baadhi ya kofia zilizopo huning'inizwa kwenye usukani. Malori ya mafuta yanayoelekea Rwanda na Burundi huongeza hatari nyingine. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Wanakijiji wanaoishi kando ya kilomita zile 92 wanahitaji kusikia habari hiyo kabla lori halijapinduka kwao. Na kila kituo cha afya kinachotazamana na barabara hiyo kinahitaji bandeji za kubana damu, ubao wa kumlaza majeruhi wa uti wa mgongo, kola ya shingo, oksijeni, na mtu anayejua kufungua njia ya hewa saa nane usiku.

Wakati wa masika, timu ya afya ya wilaya inaweza kufanya kazi ya siku moja ambayo haihitaji mkandarasi: kumwita mhandisi wa TARURA, madereva wa jamii, wakunga na watendaji wa vijiji, kuitandaza ramani mezani, na kuandika kando ya kila zahanati muda halisi wa kuufikia upasuaji, mchana na usiku, kiangazi na mvua. Zahanati zitakazopata zaidi ya saa mbili zizungushiwe duara jekundu. Orodha hiyo ipelekwe kwenye kikao cha bajeti ya barabara kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na nakala yake, yenye namba za simu za madereva wawili wanaoifahamu njia ya kila kijiji gizani, ibandikwe ndani ya mlango wa chumba cha kujifungulia.