MVUKE WA PETROLI KATIKA MOTOKAA YA KULALA

Wasomaji wa gazeti letu wanajua kwamba maji yakiachwa katika sahani juani hukauka. Petroli nayo hukauka, lakini yenyewe haingoji jua. Hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo sisi wa Kigoma hatutaiona kamwe, petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba petroli inawaka hasemi sawasawa, maana kinachowaka ni mvuke wake. Nataka kueleza hapa jinsi mvuke huo unavyozuiwa ndani ya motokaa, na jinsi unavyotoroka motokaa inapozeeka. Kazi hiyo niliiona likizo iliyopita kwa Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa motokaa mtaa wa Mwanga.

Motokaa yenyewe ilikuwa Toyota HiAce ya petroli, yenye kabureta, umri wake umepita miaka 30. Viti vya nyuma vilikuwa vimeondolewa na mahali pake pamewekwa kitanda, kabati na jiko dogo la gesi. Wenyewe walikuwa wageni wawili, mume na mke, wanaozunguka Afrika Mashariki katika nyumba yao hiyo ya magurudumu. Walipofika Kigoma waliiacha juani, madirisha yote yamefungwa, wakaenda Gombe kutazama sokwe. Gombe hakuna barabara, hapana budi kupanda mashua Kibirizi, na wao walikaa huko siku tatu. Waliporudi walifungua mlango ili wapike chai, na yule mama akarudi nyuma mara moja kwa harufu. Hakuwasha jiko. Waliisukuma motokaa kwa mikono hadi kivulini, wakaja kumwita Mjomba.

Huenda msomaji akasema kwamba harufu ya petroli ni jambo la kawaida tu, kila motokaa kuukuu inayo. Basi na tufanye hesabu. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiasi cha kutoka asilimia 1.4 hivi hadi asilimia 7.6. Ukipungua chini ya hapo hauwaki, na ukizidi hauwaki vilevile kwa sababu hewa haitoshi. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, nayo ikigeuka mvuke wote ni kama moli 7. Kila moli huchukua nafasi ya lita 24 katika joto la kawaida, kwa hiyo lita moja hutoa lita 168 za mvuke. Tuseme chumba cha motokaa ile kina meta za ujazo 6, yaani lita 6,000. Asilimia 1.4 ya lita 6,000 ni lita 84. Maana yake ni kwamba nusu lita tu ya petroli, ikikauka ndani ya chumba kile kilichofungwa, yatosha kukigeuza chumba chote kuwa baruti.

Tena hesabu hiyo imeufanya mvuke uenee sawasawa chumbani, nao hauenei hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4. Hushuka sakafuni na kutulia hapo kama maji katika sufuria, na jiko la motokaa ile lilikuwa limefungwa chini, karibu na mlango. Kwa sababu hiyo kikombe kimoja cha petroli kingetosha kuleta msiba, ingawa mtu aliyesimama wima asingesikia harufu kali puani. Mwenye kulala juu ya kitanda kifupi huuvuta usiku kucha. Ndani yake mna benzini, dawa ambayo mara ya kwanza huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, na mtu akiivuta kwa muda mrefu huweza kumletea kansa ya damu.

Sasa nieleze tangi linavyopumua. Mchana tangi hupata joto, petroli hutoa mvuke zaidi, na mvuke hutafuta pa kutokea. Usiku tangi hupoa, nalo hutaka kuvuta hewa ndani. Kadhalika injini inapokunywa petroli, hapana budi hewa iingie mahali pake, la sivyo tangi hujibana na petroli haitoki. Zamani watu hawakujisumbua: walitoboa tundu katika kifuniko, mvuke ukaenda zake. Jimbo la California huko Marekani ndilo lililokataza jambo hilo kwa motokaa mpya za mwaka 1970, na mwaka uliofuata sheria ikawa ya Marekani nzima. Sababu yake haikuwa moto bali moshi mzito uliofunika mji wa Los Angeles, maana mvuke wa petroli ukichanganyika na moshi wa motokaa na kupigwa na jua hugeuka hewa ya sumu iwashayo macho na kifua. Baadaye watengenezaji wa motokaa wa nchi nyingine nao walifuata njia hiyo, nasi tunaonunua motokaa zilizotumika kutoka Japani tumeipata humo humo, wengi wetu bila ya kujua.

Njia yenyewe ni kopo la mkaa. Mpira mwembamba hutoka juu ya tangi na kwenda kwenye kopo lililojazwa mkaa. Mkaa huu si wa jikoni. Umetengenezwa, pengine kwa vifuu vya nazi, kwa moto mkali mno pamoja na mvuke wa maji, hata ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Ukizikunjua kuta za vitundu vya gramu moja tu utapata eneo la zaidi ya meta za mraba 500, kwa hiyo gramu 15 zinazidi uwanja wa mpira wa miguu. Mvuke wa petroli hunata katika kuta hizo motokaa inapokuwa imesimama. Injini ikiwashwa na kupata moto, mpira wa pili huvuta hewa kupita katika mkaa, nayo hung'oa mvuke na kuupeleka kwenye injini uchomwe. Mkaa hubaki mtupu, tayari kwa siku ya pili. Kwangu mimi hiki ni chombo cha akili kuliko vyote nilivyoonyeshwa chini ya motokaa, maana hakina moto wala umeme, na kile kilichokuwa kitapotea ndicho kinachoendesha gari.

Lakini kopo lina adui mmoja, naye ni petroli ya maji. Msafiri anayekwenda mbali humwambia mwuza mafuta, "Jaza mpaka mdomoni." Bomba la petroli likijikata lenyewe, mwuza mafuta huongeza tena kidogo kidogo hata tangi lifurike. Nafasi iliyoachwa juu ya petroli haikuachwa bure, ni nafasi ya mvuke. Ikijazwa, petroli yenyewe hupanda katika mpira na kuulowesha mkaa. Injini huanza kumeza petroli kupita kiasi, hutoa moshi mweusi, hukataa kuwaka ikiwa na moto. Ndivyo ilivyokuwa kwa HiAce ile. Fundi mmoja njiani, simjui na wala wageni hawakumtaja jina, aliyaponya maradhi hayo kwa dakika tano: aliung'oa mpira utokao tangini na kuuziba kwa bolti. Injini ikatulia, wageni wakashukuru. Mvuke nao ukabaki tangini ukitafuta mlango mwingine.

Mjomba aliukutaje mlango huo? Kwanza aliiacha motokaa wazi usiku mzima chini ya mwembe, nyaya za betri zimefunguliwa, na mitungi ya gesi imeondolewa. Hakuruhusu sigara wala taa yenye waya karibu. Asubuhi aliniuliza kama shuleni tumefundishwa kupima mgandamizo kwa maji. Nikasema ndiyo, kwa manometa. Tulichukua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, tukaupinda kama herufi U juu ya ubao, tukatia maji yenye rangi ya chai, tukaunganisha upande mmoja na mpira wa tangi na kutia hewa polepole kwa pampu ya baiskeli. Kipimo kilikuwa tofauti ya sentimeta 35 kati ya maji ya upande huu na upande huu. Huo ni mgandamizo mdogo sana, mtu anaweza kuufanya kwa mashavu yake. Ukitia hewa kama ya gurudumu utalipasua tangi. Maji yalipanda, kisha yakaanza kushuka tukiyatazama, na kabla ya dakika moja kwisha yalikuwa karibu sawa pande zote.

Hapo ndipo kazi ya fundi ilipoonekana. Alibana mpira mmoja baada ya mwingine kwa koleo, na kila mara tukatia hewa upya. Alipobana mpira mdogo wa kupumulia, ule unaopanda pamoja na shingo ya kujazia petroli, maji yalisimama. Mpira huo ulikuwa umefichwa nyuma ya kabati la wageni, na ilitubidi kulifungua kabati zima kwa muda wa saa mbili. Tulipoupaka povu la sabuni tuliona mapovu yakitoka katika nyufa, kama kisigino kilichopasuka wakati wa kiangazi. Kutoka hapo mvuke ulishuka nyuma ya ubao hadi sakafuni mwa chumba, mahali pale pale penye jiko.

Mpira mpya uliowekwa ni ule uliotengenezwa kwa petroli. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika njia zetu nimeona motokaa nyingi na pikipiki zaidi zikiwa na mipira ya maji, au ile ya plastiki nyeupe. Petroli hulainisha mpira wa kawaida hata ukavimba, na ile plastiki huikausha ikawa ngumu kama kucha na kuvunjika. Kwa macho yote ni mipira tu. Kifuniko cha tangi nacho kilitiwa mpira mpya wa kuzibia, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umekauka.

Lilibaki kopo. Mjomba alilitikisa, likalia kama nazi yenye maji. Nilimwuliza, "Mjomba, kwa nini tusilifungue tukatia mkaa wa jikoni, na mkaa tunao tele?" Alicheka, akasema nimwulize mwalimu wangu wa kemia. Nimemwuliza. Mkaa wa jikoni una vitundu vichache, hivyo hushika mvuke kidogo mno, na tena vumbi lake lingevutwa hadi kwenye kabureta. Basi kopo jingine, lililotumika lakini kavu, liliagizwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, nalo likaja kwa basi. Wageni walilala katika nyumba ya wageni Ujiji siku zote hizo, wakapata nafasi ya kuona mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871.

Tulipopima mara ya mwisho tuliona jambo lililonifurahisha. Maji yalisimama kwenye sentimeta 35, kisha badala ya kushuka yakapanda yenyewe. Jua lilikuwa limezunguka mwembe na kulipiga tangi, na petroli ilikuwa ikitoa mvuke mbele ya macho yetu. Tuliisukuma motokaa kivulini, tukangoja ipoe, tukapima upya. Kwa dakika tano maji hayakusogea, na Mjomba akalirudisha kabati mahali pake.

Watu huchanganya maradhi haya na mengine ya petroli, yale ya motokaa kuzimika juani katika kupanda mlima, tuseme kwenda Kasulu. Hapo petroli huchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na pampu husukuma mvuke mtupu. Ziwa letu liko meta 770 hivi juu ya bahari, na Kasulu ni zaidi ya meta 1,200. Kadiri unavyopanda hewa hupungua uzito, na petroli huchemka upesi zaidi. Madereva hufunika pampu kwa kitambaa chenye maji, nao hufanya vema. Lakini kitambaa hakiponyi mpira uliopasuka.

Tangu likizo ile sipiti Kibirizi bila ya kutazama mashua. Motokaa angalau ina matundu chini, na mvuke ukimwagika nje upepo huuchukua. Mashua haina tundu chini. Mvuke wa dumu lisilozibwa vizuri hushuka kati ya mbao za sakafu na kukaa hapo pamoja na maji ya ziwa, na juu yake wamekaa abiria, mizigo ya dagaa, pengine na mvutaji wa sigara. Mahali pa dumu ni nyuma penye upepo, wala si chini ya turubai, na lisijazwe mpaka mdomoni. Likivimba saa sita mchana, mwenye nalo alifungue kidogo likiwa nchi kavu, mbali na jiko la muuza chai.