Mutu akifa mu mugodi, bahasha haifunge dosie

Kwa kilio cha mwenzetu mara nyingi inakuwa hivi: kampani inaleta sanduku, mifuko ya unga na bahasha. Kiisha inatokea karatasi moja ya Kifaransa: «Mama, sinye hapa, mambo imekwisha.» Mujane anasinye, juu watoto wako na njaa. Hiyo karatasi nimeiona kwa macho yangu. Lakini mambo haijaisha.

Tufungue Code pénal yetu, artikle ya 52. Inasema: mutu mwenye kuleta lufu ao kidonda kwa kukosa kuangalia mbele na kukosa kuchunga, hata kama hakutaka kuua, yeye iko na kosa. Kwa lufu, artikle ya 53 inapana kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na amande. Kwa kidonda, artikle ya 54 inasema siku 8 mpaka mwaka 1, na amande, ao moja ya hizo tu.

Hapa sheria inatafuta mutu mwenyewe, haitafute jina la kampani tu. Nani aliambiwa mawe ya juu inapasuka, akajibu «muendelee»? Nani alituma ekipe chini bila hewa? Shefu, enjenia, direkta: kila mutu atajibu juu ya kile alifanya ao aliacha kufanya.

Sinye ya mujane haifunge mikono ya parke. Familia nayo inaweza kuingia mu tribinali kama «partie civile» na kudai malipo.

Lakini saa inatembea. Kufuatana na artikle ya 24, kama hakuna hatua ya parke ao tribinali, kesi ya lufu inazimika kiisha miaka 3. Ya kidonda, kiisha mwaka 1 tu! Ndugu mwenye kuvunjika muguu anamaliza ule mwaka kwa kitanda, akingoja ahadi.

Kwa hiyo, siku ile ile: muandike majina ya wale walikuwa ku kazi, saa, na nani alitoa oda. Muombe karatasi ya munganga. Mujulishe inspekta wa kazi. Wengi wanaogopa kufukuzwa, najua; basi, mupe delege wa sendika habari, yeye aandike. Kopi ibaki nyumbani.

Kifungo cha miaka 2 hakirudishe baba ya watoto. Lakini shefu akijua jina lake litaandikwa, atawaza kwanza mbele ya kusema «mushuke».