Kama Jemadari MacArthur Angalikuwa Rais

Wahenga walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Twaikubali hekima hiyo, lakini twaongeza neno moja: asiyetazama nyuma hajui ni shimo gani aliloponea. Leo basi twawaomba wasomaji wetu wafikiri pamoja nasi juu ya jambo ambalo halikutokea, ingawa lilikuwa karibu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tarehe 11 Aprili 1951, Rais Truman wa Marekani alimwondoa Jemadari Douglas MacArthur katika uongozi wa majeshi yaliyopigana Korea. Rais alitaka vita visivuke mipaka ya Korea. Jemadari alitaka China ipigwe mabomu, pwani yake ifungwe kwa manowari, na askari wa Chiang Kai-shek waingizwe vitani. Tena hakunyamaza: aliandika barua ya kupinga siasa ya mkubwa wake, na barua hiyo ikasomwa hadharani Bungeni. Fahari wawili hawakai zizi moja, na mmoja ilimpasa kutoka.

Aliporudi kwao, mamilioni ya watu walijaa katika njia za New York kumshangilia. Hata hivyo, Mkutano Mkuu wa chama cha Republican ulipokutana Chicago mwezi wa Julai 1952, Jemadari alipata kura 10 tu kati ya 1,206. Msomaji atauliza: basi hatari ilikuwa wapi?

Hatari ilikuwa katika kiti cha pili. Katika hesabu ya kwanza Jemadari Eisenhower alipata kura 595 na Seneta Robert Taft kura 500, na zilizotakiwa ni 604. Kabla ya hapo pande mbili hizo ziligombania vikali wajumbe wa Texas, Georgia na Louisiana, na Taft akashindwa katika ugomvi huo. Nao walioandika habari za siku zile wasema kwamba, kama Taft angaliteuliwa, alikusudia kumchukua MacArthur awe Makamu wake.

Sasa tazameni tarehe. Tarehe 27 Julai 1953 mapigano ya Korea yalisimamishwa. Siku nne baadaye, tarehe 31 Julai, Taft alifariki kwa ugonjwa wa saratani. Hatuwezi kuapa kwamba angalimshinda Adlai Stevenson. Lakini chama cha Democratic kilikuwa kimetawala miaka 20, na watu walikuwa wamechoshwa na vita. Kama angalishinda, sheria ya Marekani ingalimwapisha Makamu mara moja, kama ilivyomwapisha Truman mwenyewe tarehe 12 Aprili 1945. Mtu aliyepata kura 10 kwa urais angalishika amri ya majeshi yote na mabomu yote ya atomiki.

Angalifanya nini? Hatuna haja ya kupiga ramli. Mwezi wa Desemba 1952 alimpa Eisenhower shauri lake kwa maandishi: Warusi waambiwe wakubali masharti ya amani, na wakikataa, Korea ya Kaskazini ipigwe mabomu ya atomiki na njia za kutoka China zimwagiwe sumu ya mnururisho. Eisenhower alilisikiliza shauri lile, wala hakulifuata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu huyu ndiye aliyesimamia Japani baada ya vita, wakati wanawake wa nchi ile walipopiga kura kwa mara ya kwanza katika mwaka 1946, na mashamba ya mabwana wakubwa wakagawiwa wakulima. Hatusemi kwamba alikuwa mtu mwovu. Wala hatusemi kwamba askari hafai kutawala, maana Eisenhower naye alikuwa jemadari, na katika hotuba yake ya kuaga ya Januari 1961 aliwaonya wananchi wake juu ya nguvu za majeshi na watengenezaji wa silaha. Nguo zao zilikuwa moja. Tofauti yao ilikuwa katika kutii. Mmoja alijua kwamba amri hutoka kwa raia. Mwingine aliamini kwamba ushindi wampa mtu ruhusa ya kumpinga aliyechaguliwa na raia.

Kwa hiyo twaona kwamba mpiga kura ana maswali mawili ya kumwuliza kila shujaa anayeomba kutawala. La kwanza: ulipoamriwa jambo usilolipenda, ulifanya nini? La pili lasahauliwa sana: ukifa kesho, ni nani anayesimama nyuma yako? Huko Chicago swali la pili halikuulizwa kwa sauti kubwa. Dunia iliponea kwa hesabu ya wajumbe wachache, na si vema kuitegemea bahati ya namna hiyo mara mbili.